Dakika Arobaini za Iringa

Jumanne, Iringa

Na dakika arobaini zilikuwa arobaini kweli! Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Saa yangu ya Dubai haidanganyi.

Alfajiri, kule Dodoma, Mama Mdogo alishafunga kikapu chake, anataka kupanda basi awahi kuuona uso wa mdogo wake kabla hajazikwa alasiri. Mimi, mtu niliyetembea dunia, nikamzuia. "Basi la nini, Mama? Siku hizi ruksa, hata ndege za watu binafsi zipo. Dakika arobaini tuko Iringa!"

Saa mbili tukawa uwanjani. Ndege ipo, rubani yupo, eti tumsubiri mheshimiwa mmoja amalize kikao. Nikafoka mpaka sauti ikakauka. Karani hana hata haya: "Tulia mzee, ni dakika arobaini tu." Maneno yangu mwenyewe! Na mabasi yote yalishaondoka.

Tumeruka saa tisa na nusu, tumetua saa kumi na dakika kumi. Tumefika msibani wanaume wanarudi makaburini, majembe begani.

Angenitukana ningeshukuru. Lakini Mama Mdogo, macho mekundu, kila anayempa pole anamwambia: "Mwanangu huyu kanileta kwa ndege."