Texas Imesikika, Kasigau Bado

Makomredi, nawahutubia ingawa anayenisikia ni karatasi hii tu.

Leo redio ya Voi imetusimulia mwaka mzima wa Texas: habari zake, michezo yake, muziki wake. Nilikuwa nimemsihi mtangazaji aseme kwamba ndovu wamemaliza mahindi ya mama yangu kule Kasigau.

“Ndovu si habari, komredi,” akacheka. “Ndovu ni kawaida.”

Kisha mama akapiga simu. “Baba, habari yetu inasomwa saa ngapi? Majirani wamejaa hapa, wametega masikio.”

Nikakata simu, nikachukua karatasi hii.

Yamebaki maharagwe peke yake, na ndovu watarudi.

Basi tukutane kesho machweo, shambani kwa mama. Kila mmoja aje na debe la kupiga. Tutasikika.