Filamu Uliyoiacha Njiani

Mpendwa kaka yangu mkubwa, yaya Dieudonné,

Jana nilihamishia kazi zako zote kwenye diski mpya, na tangu hapo sijatulia. Nakaa, nasimama, naenda mlangoni, narudi. Nimeona afadhali nikuandikie.

Diski yako ya zamani ilikuwa imeanza kukwaruza kama mzee mwenye kifua. Kila iliponyamaza nilidhani imekufa, na harusi zote ulizopiga mtaani Mabanga ndani yake, na ile filamu yako ya siku tuliyokimbia volkano. Asubuhi umeme uliporudi nikachomeka zote mbili, nikaanza kunakili. Silaha zilikuwa zinalia upande wa Sake. Kila mlio niliangalia taa, si dirisha, maana umeme ungekatika katikati ningepoteza vyote.

Ilipokwisha nikafungua filamu kwenye programu ya kuhariri. Picha zote zilikuwa nyekundu: kompyuta haizioni. Halafu nikakumbuka studio yako ya mtaa wa Mapendo, siku uliyonifundisha huku unatafuna hindi la kuchoma. Ulisema: "Filamu haina picha ndani yake. Inajua tu fasi, mahali picha zinalala. Ukizihamisha, uionyeshe njia." Nikaionyesha picha moja ilipo. Zingine zikafuata zenyewe, wekundu ukaondoka mstari mzima.

Nikamwona mama kwenye barabara ya Sake, godoro kichwani, mbingu inawaka nyuma yake, anakugombeza: "Acha kamera, Dieudo, beba mutoto wa watu." Kamera ikashuka. Baada ya hapo ni mawe na viatu vyako tu, kwa sababu ulikuwa umembeba.

Nilicheka peke yangu. Hukujua kupinga neno la mama. Hata waasi walipokaribia na wewe ukataka kwenda kambi ya Mugunga kupiga picha za wakimbizi, ulimwomba ruhusa kwanza, mwanaume mzima. Alikuruhusu, na hukurudi. Hilo ndilo linalomla.

Aliingia nikiwa bado naangalia, akasimama nyuma yangu mpaka pale filamu inapokatika, watu wakiwa bado wanatembea. Nikamwambia umenifundisha vya kutosha, naweza kuimaliza, majirani waione. Alivuta kiti, akakaa.

"Usiimalize," akasema. "Ataimaliza mwenyewe."

Yaya, tumekutafuta hospitalini, kambini, hata Gisenyi ng'ambo ya mpaka. Hakuna aliyekuona. Mimi nikikutaja kwa watu nimeshaanza kusema "alikuwa". Mama hajasema hivyo hata mara moja, na nikiteleza mbele yake, anatoka nje.

Diski mpya nimeifunga ndani ya plastiki, iko kwenye mfuko wa kukimbia nao, pamoja na vitambulisho vyetu. Kama uko mahali, tuma hata neno moja kwa mtu anayepita. Nikilipata, sitaigusa filamu yako. Nisipolipata, siku moja nitakaa niimalize, na siku hiyo sijui nitamtazama vipi mama.

Baki salama, popote ulipo.

Mdogo wako,
Furaha