Mume Wangu Anataka Nikate Mkono Unaopima Suruali

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako na tafadhali usinizungushe, maana walionizungusha wanatosha. Mimi ni fundi cherehani, nashona suruali za kiume, na kazi hii mume wangu alinikuta nayo, tena yeye mwenyewe tulijuana alipokuja kupimwa, na miaka yote hajawahi kulalamika mpaka alipojiunga na kikundi cha maombi cha alfajiri, ambako mzee mmoja wa kanisa aliwafundisha lile neno la Yesu kwamba mkono wako wa kuume ukikukosesha uukate uutupe, na baba watoto akarudi nyumbani amekunja uso, akaniambia mkono wangu unashika mapaja ya wanaume kutwa nzima, kwa hiyo ni mkono wa dhambi, na kuukata maana yake nifunge duka niuze cherehani.

Nilicheka. Najua nilikosea, lakini nilicheka. Basi kwa ajili ya amani tukakubaliana niwe nakadiria kwa macho tu bila kumgusa mtu, na oda ya kwanza ikawa suruali za kwaya, na huyo mzee naye akiwamo kwa kuwa anaimba besi, nikakadiria kama nilivyoamriwa, na Jumapili mzee alipopiga magoti kuomba, mshono wa nyuma ukaachia wote, kanisa zima likasikia, kwaya ikashindwa kuimba kwa kicheko, na jioni yake mume wangu akaja dukani na mama mkwe na mzee mwenyewe kuniambia nimemwaibisha mtumishi makusudi, na kwamba mwisho wa mwezi duka lifungwe au nirudi kwetu.

Mshauri, hapo damu ilinichemka. Nilinyoosha mkono wa kuume juu ya meza ya kukatia, nikamsogezea mume wangu mkasi mkubwa, nikamwambia, "Haya baba watoto, si imeandikwa? Kata. Usitume mtu, kata mwenyewe." Mama mkwe akapiga yowe, mzee akatoka nje, na mume wangu akauchukua ule mkasi, akaikata futi yangu ya kupimia vipande vipande, kisha akaketi kwenye benchi la wateja akalia. Tangu hapo hatusemezani. Wateja nawapima kwa uzi wenye mafundo, duka sijafunga na sifungi, hata aje nani. Ninachouliza ni kimoja: namwasi Mungu, au namwasi mume wangu tu?

Mama Suruali

Mama Suruali, wewe humwasi Mungu. Nimelitanguliza hilo upate kupumua, maana yanayofuata hayatakupendeza yote.

Lile neno, ambalo kabla ya mkono linataja jicho, ni kali, na mtu asikudanganye kwamba limepoa. Yesu alitaka tuiogope dhambi kuliko tunavyoogopa kupoteza kiungo. Lakini hakuwa anagawa visu. Kipofu naye anaweza kutamani, na aliyefundisha hayo ndiye aliyesema uovu hutoka moyoni. Anachotaka tukate ni ile njia tunayopitia kwenda kukosa, hata kama tunaipenda na kuiacha kunauma. Tena angalia aliyekuwa akiambiwa: mwenye mkono, mwenye jicho. Hakuna mahali alipomtuma mume akate mkono wa mkewe, wala mzee wa kanisa akate riziki ya nyumba ya watu. Huyo mzee mwambie nimesema mimi.

Sasa wewe. Unamsogezeaje mkasi mtu aliyepandwa na hasira? Kama angekata je? Leo ungekuwa unaniandikia kwa mkono wa kushoto. Na ile suruali! Fundi wa miaka yote hiyo ushindwe kukadiria kiuno cha mtu anayesimama mbele yako kila Jumapili? Hapo hunidanganyi. Kama una kiungo kinachokukosesha, ni huo mdomo wako na vicheko vyake.

Mumeo naye hakulia kwa ajili ya futi. Siku ile alipokuja kupimwa moyo ulimruka, na mpaka leo anadhani kila mteja anayesimama mbele yako moyo unamruka vilevile. Hilo jicho ni lake, dada yangu. Ni lake kulishughulikia, na sidhani kama kuna mtu aliyemwambia hivyo kwa upole.

Kwa hiyo Jumatatu nunua futi mpya, upime watu mlango ukiwa wazi kama ulivyopima siku zote. Mzee mshonee suruali nyingine iliyopimwa sawasawa, na kama ile ya kwanza ulikusudia, unajua mwenyewe la kumwambia. Kisha kaa na mumeo, wawili tu, bila mama mkwe, umuulize anaogopa nini, na akijibu usithubutu kucheka. Kwa kicheko na kwa mkasi, mwombe radhi. Kwa kazi yako usimwombe radhi mtu yeyote. Na mwisho wa mwezi akisimama mlangoni kukuambia ufunge, mtazame usoni, mwambie kwa sauti ya chini kwamba hufungi, halafu uendelee kushona.