Madoadoa ya Kitenge cha Rachelle

Baba Swabrah,

Bundu, ugali wako wa muhogo, iko kwenye kikapu. ~~Samaki ni wako.~~ Samaki nimembebea Rachelle, yule mteja wetu wa Butembo.

Asubuhi hii, wewe ukikoroma, alikuja dukani kuchukua sare ya harusi ya familia nzima. Kwenye tovuti yetu alipenda kitenge cha kahawia chenye madoadoa. Nikamfungulia jora: chekundu, hakina doa. Akasema sisi ni waongo, akarudi Bwera, kwenye duka la mshindani wetu Wahabu.

Madoadoa ni yako. Picha zote za vitenge umezihifadhi GIF, na GIF haibebi rangi nyingi, inayokosa inaijazia vidoa. Uliona maua ya Ijumaa yanacheza kwenye WhatsApp, ukadhani na vitenge vitacheza.

Namfuata na jora lenyewe. Wewe piga picha upya, uhifadhi JPEG. Nembo iweke PNG, hiyo yako ina kiboksi cheupe kama plasta usoni.

Picha yako ya mkurugenzi usiiguse. Hiyo uliihifadhi vizuri, inaonekana mpaka vinyweleo, na ndicho kitu pekee dukani ambacho hakuna mtu anayeuliza bei yake.

Mama Swabrah