Mstari wa Kumi na Saba

Maman Lydie mpendwa,

Naomba msaada wa safu yako ya ushauri, ingawa leo nina furaha kubwa, maana tulipokimbia Shabunda mwaka 1998 nilibeba Biblia na daftari moja tu, na leo daftari hilo linatafutwa na wataalamu, kwa sababu kwenye kilima kinachotazamana na dirisha langu hapa Cimpunda wanajenga kituo cha utafiti, waganga wa hospitali za Bukavu, wataalamu wa mashamba na wenzao wa ng'ambo chini ya paa moja, wapate kujua jinsi seli za mwili zinavyogeuza chakula kuwa nguvu, na kwa nini mtoto aliyepona bwaki, ule ugonjwa wa kuvimba kwa kukosa chakula bora, huenda akapata ugonjwa wa sukari ukubwani. Mimi nilikuwa muganga wa watoto hao. Niliandika majina arobaini na mawili, uzito wa kila asubuhi, walichokula, siku uvimbe ulipopungua. Glody, mtafiti wao, alipolifungua hapa kwangu alisema hajaona kazi kama hii, nami nikamwongezea chai.

Lakini mstari wa kumi na saba una jina Tatiana, na hakuna Tatiana. Ni Carine, binti yangu. Niliwafundisha mama za watu kupika maharagwe na ndagala, wale samaki wadogo wakavu, huku kwangu mtoto anakula ugali wa muhogo mtupu, nikaogopa watu waseme muganga wa bwaki analea bwaki. Mke wangu Agnès alinitunzia siri mpaka kaburini, na Carine mwenyewe hajui. Juzi Glody aliniuliza, "Papa, huyu Tatiana iko wapi? Tulimutafuta mpaka Nyangezi, hakuna mutu anamujua." Na Carine, anayewauzia mafundi chai na mikate palepale kwenye msingi, huniambia kila jioni kwamba wakifungua ataingia wa kwanza. Nifute mstari huo, au nitoe daftari lilivyo?

Muzee Philémon, Cimpunda

*

Papa Philémon,

Nimefurahi pamoja nawe, tena sana. Lakini njia zako zote mbili ni za kukimbia. Ukifuta, wanapoteza mtoto mmoja. Ukiacha, wanatafuta hewa. Njia ya tatu unaijua, ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya Glody.

Aibu hiyo si ya Carine, wala ya Agnès aliyekubebea. Na kama wataalamu wanasema kweli, binti yako anahitaji kupimwa sukari, naye hajui hata kwamba ana la kuuliza. Unalinda sifa ya muganga wa zamani kwa kuhatarisha afya ya mtoto wake. Acha.

Kesho nenda kwenye msingi, nunua chai yake, ungoje mafundi warudi kazini. Usianze na vita wala shida za wakati ule. Anza na uzito wake ulioandika daftarini. Akikaa wiki bila kukusemesha, vumilia. Na wale wengine arobaini na mmoja, ambao majina yao ulimwonyesha Glody bila kuwauliza, mwambie wabaki namba tu, bila majina, mpaka kila mmoja akubali.

Carine akikubali, piga mstari mmoja juu ya Tatiana, jina libaki likisomeka, andika lake pembeni, tia tarehe na sahihi, kama ulivyofundishwa kazini. Kisha mpe daftari alipeleke yeye. Si alikwambia ataingia wa kwanza?

Maman Lydie