Kijiwe Chini ya Barafu

Jumatatu, 3 Agosti
Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Ijumaa, wengine walipobaki shambani Bihambwe, nilitangulia kurudi kulisha kuku. Friza ilikuwa kimya. Umeme umekatika, sijui tangu lini. Fraizi zote, stroberi za jusi ya wakwe siku ya dote, mahari ya dada Furaha, zilikuwa zimelegea katika maji mekundu. Vifuko kumi na vinane. Wiki mbili za kuchuma, kukata vikonyo, kukausha juu ya kitambaa, kupanga mojamoja kwenye sinia zisishikane. Jioni umeme ukarudi. Zikaganda tena. Nikanyamaza.
Kuganda ni kuganda. Nadhani.

Jumanne, 4 Agosti
Nimemaliza shule, kwa hiyo friza ni kazi yangu. Leo nyuma ya vifuko nimekuta kikombe cha buluu. Ni cha Noela, mke wa kaka yangu, aliyeingia nyumbani mwezi uliopita kutoka kwa wafuga ng'ombe wa juu milimani. Ndani, maji yaliyoganda. Chini kabisa ya barafu, kijiwe cheusi.
Cha nini? Sikukigusa. Hata hivyo nimenawa mikono mara mbili.

Jumatano, 5 Agosti
Noela aliniuliza akifagia, bila kuniangalia: "Mudogo, ile Ijumaa courant ilikuwa?"
"Ilikuwa. Umeme haukukatika."
Uongo. Kwa nini anauliza?
Mchana nilifungua tena friza. Kijiwe kiko juu ya barafu. Jana kilikuwa chini. Jiwe halipandi lenyewe.

Alhamisi, 6 Agosti
Vimebaki vifuko kumi na viwili.
Karuho. Naogopa hata kuliandika. Sumu ya polepole. Wakwe wakija na dote Jumamosi, wakanywa jusi yetu na mmoja akaumwa tumbo, Furaha haolewi, na sisi tutaitwa nyumba ya sumu.
Nilimwambia Mama tukitwanga majani ya sombe: Noela anaweka kitu kwenye friza. Aliacha kutwanga.
"Uliona na macho?"
"Niliona kijiwe."
"Kijiwe! Funga kinywa. Watu wanaua muntu juu ya neno kama ile."
Nimefunga. Lakini namchukia Noela. Anatembea polepole mno. Anatabasamu mno.

Ijumaa, 7 Agosti
Friza tupu. Nilimkuta Noela nyuma ya migomba na jembe mkononi. Fraizi zangu zote shimoni.
Nilipiga kelele. Mimi, ambaye darasani sikuwahi kuinua mkono.
"Unatufanyia nini? Kile kijiwe ni cha nini?"
Hakukasirika. Aliegemea jembe. "Kwetu, friza ya maziwa iko na kikombe. Maji ikiganda, unaweka jiwe juu. Courant ikikatika, barafu inayeyuka, jiwe inashuka. Courant ikirudi, jiwe inabaki kule chini. Nilitoka shamba, nikakuta iko chini. Nikayeyusha, nikaipandisha tena. Njo sababu nilikuuliza."
Nikaangalia shimoni.
"Maziwa ya vile ililaza batoto batatu ba kwetu hospitali," akasema. "Nilikuwa natoa kidogo kidogo, Mama asione."
"Mbona hukusema?"
"Mimi niko bibi wa mwezi moja hapa. Nikisema fruti iliharibika, watauliza nani aliharibu. Ni mimi mugeni, ao ni wewe."
Akanipa jembe. Nikafukia mwenyewe.
Sumu niliyokuwa naitafuta kwake, niliifunga mimi katika vifuko kumi na vinane.

Jumamosi, 8 Agosti
Asubuhi mimi na Noela tulishuka sokoni Sake, tukanunua maracuja, yaani pasheni. Tulikamua wawili, bila maneno mengi. Wakwe walikunywa, wakaomba tena. Hakuna aliyeumwa. Furaha alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.
Mama aliuliza fraizi ziko wapi. Noela akawahi: "Hazikutosha, Mama." Mama alituangalia, mmoja, halafu mwingine. Kisha akamwongezea Noela nyama.
Wageni wameondoka. Nimeosha kikombe cha buluu, nimetia maji mapya, nimekirudisha kwenye friza. Yakiganda, kijiwe nitaweka mimi. Msamaha sijaomba. Nimefungua mdomo mara mbili, mara mbili ikatoka "asante" tu.
Mama atajua siku moja, kutoka kwangu. Mpaka siku hiyo, daftari, nifichie siri. Noela amenificha, nawe usinifichue.