Mtutu Wenye Muhuri Wangu

Nyumba za Wafanyakazi, Na. 14,
Nyuma ya Kiwanda.
Jumatano, 9 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kipanga,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa wanangu. Hamjambo wote? Na macho yako je, na mikono? Safari hii siulizi kwa mazoea. Huku tu wazima, mama ameacha mkongojo tangu mwezi uliopita, ila mimi moyo haujatulia.

Ile bunduki mpya uliyogawiwa hapo kwenye kituo chenu cha wanyamapori, usiifyatue tena. Itoe risasi, ifungie kabatini, usimwazime mwenzako hata kwa kutishia nyani. Ukishamaliza, ndipo uendelee kusoma.

Kazi yangu unaijua. Mtutu ukishatobolewa huletwa mezani kwangu, nami nauelekeza dirishani na kuchungulia ndani. Nikiridhika naugonga muhuri wangu, kiduara chenye nukta. Mwaka wa kumi na tisa huu. Wenzangu wananiita Mama Darubini, na jina hilo nimelipenda kuliko inavyofaa.

Sasa, mitutu hutoka kwenye mashine imelowa mafuta, na mafuta huacha mstari ndani. Mgeni akiuona anadhani ni ufa. Sisi wazoefu tunamcheka, tunasema mafuta hayo, tunagonga muhuri. Kanuni ni kupitisha kitambaa kikavu na kutazama tena. Kusema kweli mdogo wangu, kitambaa changu kilikuwa kinamaliza wiki nzima kikiwa kisafi.

Jumatatu mtutu mmoja ulipasuka kwenye majaribio. Huwa tunafyatua kwa kamba tukiwa nyuma ya ukuta, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Msimamizi akaja na vipande, akavipanga mezani kwangu.

"Mama Darubini, hebu nisomee hapa."

Ufa mwembamba kama unywele, ulikuwemo tangu kwenye chuma chenyewe. Pembeni yake, kiduara chenye nukta.

"Nilidhani mafuta," nikamwambia.

"Basi ukauambie ukuta, maana umetoboka."

Mwenzangu mmoja alicheka, kisha akaona yuko peke yake.

Upau mmoja wa chuma unatoa mitutu sita. Mmoja ndio huo uliopasuka, minne tumeikuta ghalani, na yote ina ufa uleule. Wa sita ulishatoka. Nilipoiona namba yake daftarini sikuhitaji kuuliza umekwenda wapi, kwa sababu uliniandikia namba hiyo wewe mwenyewe, kama mtu anayetaja jina la mwanawe. Ukaniambia pia kwamba bunduki inatupa risasi kushoto, na kwamba maganda ya risasi yanagoma kutoka. Mimi nikakujibu eti jicho la Kipanga limezeeka. Utani huo naujutia siku ya tatu leo.

Siku niliyoupitisha mtutu wako naikumbuka. Nilikuwa nakimbilia ibada, sikutaka kuingia watu wakiwa wameshaanza kuimba. Nilikwenda kumwimbia Mungu nimeacha ufa kwenye bunduki ya ndugu yangu. Yeye nimeshamwomba msamaha. Wewe nakuomba hapa.

Wakubwa wameagiza tusitoe neno nje mpaka barua rasmi isainiwe, na barua hiyo ina ofisi tatu za kupita. Wewe una doria kila siku. Simu yako nimepiga mpaka nimechoka, haipatikani. Kwa hiyo namkabidhi hii dereva wa lori linalowaletea vyakula, ameahidi kukupa mkononi. Nikifukuzwa kazi kwa barua hii, sawa, nitapika nyumbani.

Wamulikie na wenzako mitutu yao. Wapitishe kitambaa kikavu kwanza, halafu watazame kwenye mwanga wa dirisha. Mstari ukibaki, si mafuta.

Nisalimie wifi, umwambie kitambaa cha sare ya mtoto nimekipata. Nibusie binti yako, shangazi mdogo, huyo somo yangu. Mama anakusalimu sana. Hajui lolote, usimwambie. Mungu akufunike kwa mkono wake, na akutangulie kila unapokanyaga.

Dereva atalala hapo kwenu usiku mmoja, kesho yake anarudi. Nijibu naye, hata mstari mmoja. Usimpe wifi akuandikie. Andika kwa mkono wako mwenyewe, niuone mwandiko.

Wako akupendaye,
Dada yako